Deli la Kigwa

Tabora, 6 Februari 2023

Mdogo wangu Levina,

Hujambo? Mwanao Imakulata hajambo? Baba mkwe wako, Mzee Revocatus, mpe shikamoo yangu, kama bado mnasalimiana kila mmoja akiangalia upande wake.

Nimekupigia simu wiki nzima na kila mara anapokea Emilian. Kumbe simu ya nyumba ameondoka nayo Usoke kwenye tumbaku yake. Shemeji tunaongea vizuri tu, lakini haya ninayotaka kukueleza hayafai kupitia kwa shemeji. Basi tuandikiane kama zamani nilipokuwa bweni.

Barua hii umeikuta ndani ya deli. Ndiyo, deli lenyewe la kuuzia aiskrimu. Mradi wetu wa hapa maabara umenunua madeli kama hili sokoni kwa sababu yanatunza baridi. Humo ndani kuna vikopo vya vifuniko vya bluu, kila kimoja na kijiko chake. Navitaka virudi Tabora vikiwa na kinyesi cha watu wa Kigwa.

Usitupe barua, soma kwanza. Ndani ya utumbo wa mtu mmoja wanaishi bakteria wengi kuliko watu wote waliowahi kuzaliwa duniani. Kwako wamo, kwa mwanao wamo, kwa Baba Paroko wamo. Wako hai hivi sasa unavyosoma. Wanakula unachokula, wanazaana, wanakufa humo humo, na sehemu kubwa ya unachokiacha chooni ni wao. Ukiweza kuwakusanya wote uwaweke mezani, wanafika uzito wa embe zima! Nacheka nikikufikiria unavyokunja uso. Faida yao nitakueleza siku nyingine, ni habari ndefu na gari linaondoka.

Nimekupendekeza uwe mhamasishaji wetu hapo Kigwa. Anza na nyumba yako: wewe, mtoto na Mzee. Kila mtu na kikopo chake, jina juu. Barua zako ziweke kwenye mfuko wa nailoni chini ya kifuniko. Hakuna mahali salama kuliko hapo, maana hakuna mtu atakayefungua deli la mavi kutafuta barua.

Dada yako,
Mektilda

*

Kigwa, 15 Februari 2023

Dada Mektilda,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma, nikaiweka chini, nikaenda kunawa mikono. Kisha nikarudi kuisoma tena nikanawa tena. Wewe Dada una nini lakini? Umesomeshwa kwa asali ya baba kule Sikonge, debe kwa debe, ili uje kuomba watu mavi?

Na umeniharibia chakula. Unakumbuka nilipokuwa mdogo ukaniambia nyuki asali wanaitapika? Mpaka leo sijaionja tena, mimi mtoto wa mrina asali. Sasa umenitia hili. Nikikaa kula naona nawalisha wao. Nikilala nawasikia. Juzi tumbo liliunguruma kanisani nikatamani kutoka nje, nikajua ndio hao wanazaana, na mimi nimevaa nguo ya Jumapili. Uzito wa embe zima! Embe lililo hai! Naona kinyaa na mwili wangu mwenyewe, na mwili siwezi kuuvua nikauloweka.

Kazi nitaifanya kwa sababu ni wewe. Watu nimewaambia, wamecheka, wengine wamekasirika. Mama mmoja ameniuliza kama tunapeleka kwa mganga. Lakini kuna jambo ambalo wewe usiyeolewa hulijui. Mzee Revocatus ni baba mkwe wangu. Mimi hata kandambili zake zikiwa mlangoni nazunguka. Maji ya kuoga namwekea nyuma ya nyumba nakohoa, yeye anakohoa, basi tumeelewana. Leo nimshikie kikopo nimwambie, Baba, naomba haja yako kubwa? Afadhali nife. Na mama mkwe angekuwa hai ningempitishia yeye, lakini ndiyo hivyo tena.

Nimepita duka la dawa la Veneranda nikajinunulia kitu cha kunituliza. Tangu barua yako naona tumbo langu linatembea.

Mdogo wako,
Levina

*

Tabora, 22 Februari 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka Shamila, ninayekaa naye meza moja hapa maabara, akaja kuuliza nini. Nimemsomea ile ya embe lililo hai, na yeye sasa hali maembe.

Haya, sikiliza. Nilikuahidi faida yao. Wengi wa hao bakteria ni walinzi wako. Chakula ambacho tumbo haliwezi kukisaga, magamba ya maharage, mtama, mboga, wanakisaga wao. Wanakutengenezea vitamini. Na wakiwa wameshika nafasi zao zote, mgeni mbaya akiingia anakosa pa kukaa, anatoka kama alivyoingia. Mtoto anarithi wa kwanza kwa mama yake, wengine anawapata kwa wanaomlea. Hakuna watu wawili wenye matumbo yanayofanana sawasawa. Nikipewa vikopo bila majina, nikapewa na vya zamani vya watu wale wale, naweza kukuambia hiki ni cha nani.

Kwa hiyo sharti la mradi ni moja tu: aliyemeza antibayotiki karibuni hatumtaki. Vile vidonge vya rangi mbili ambao Veneranda anauza kama karanga, mtu akimeza bila sababu anachoma msitu mzima kwa ajili ya nyoka mmoja. Waambie watu wa Kigwa wasimeze. Wewe ndiye mfano wao.

Kuhusu Mzee, Emilian akirudi ampe kikopo yeye. Baba na mwana hawaoneani aibu.

Mektilda

*

Kigwa, 29 Machi 2023

Dada,

Shikamoo. Deli limejaa. Nilidhani nitakufa kwa kichefuchefu lakini bado nipo. Mzee Damas alileta kikopo kimefungwa kwenye gazeti, akanikabidhi mbele ya watu na mikono miwili kama anatoa sadaka. Mwingine amejaza mpaka juu, kifuniko hakifungi, anasema hataki kuonekana mchoyo. Harufu imeingia kwenye nywele. Nimefunga kilemba, na kilemba nimekichoma moto.

Majidi wa bodaboda ndiye anayelipeleka. Mwenzangu hajui ndani kuna nini, nimemwambia ni dawa. Akipita pale stesheni watoto wanaona deli jeupe wanamkimbilia wakipiga kelele, "Lambalamba! Lambalamba!" Mimi nageuka nisione. Siku wakijua, Dada, sitaweza kuishi tena Kigwa.

Emilian hajarudi, tumbaku iko kwenye mabani ya kukaushia. Lakini kikopo cha Mzee kimo, kimejaa, jina lake liko juu. Usiniulize nilikipataje. Changu kimo, cha Imakulata kimo.

Nina swali. Kuna mama mmoja jirani, jina lake halina kazi hapa. Aliposikia habari za hao bakteria kabla hatujafika kwenye faida zao, alikwenda kwa Veneranda akanywa vile vidonge vya rangi mbili ili awatoe wote. Ukaja ukasema ni walinzi, yeye alikuwa ameshamaliza dozi. Sasa anakwenda choo mara kwa mara, maji matupu, na tumbo linamkata. Ameanza dozi nyingine. Je, ameze mpaka iishe yote, au aache?

Levina

*

Tabora, 26 Aprili 2023

Levina mdogo wangu,

Marahaba. Leo sina mzaha.

Kikopo cha Mzee Revocatus kimetutisha. Hapa hapa Tabora, kabla hata ya kukipeleka Dar es Salaam, tulikuta kina damu. Majibu ya Dar yamekuja jana. Bakteria wema karibu hawapo. Kwa umri wake nilitegemea nikute jamii kubwa, mtu aliyekula mtama na mlenda maisha yake yote. Nimekuta kiwanja kitupu, na mbaya mmoja amekalia kiwanja chote. Huyo mmoja anatoa sumu inayochubua utumbo. Mtu anaharisha maji, anatoka damu, anaishiwa nguvu, na akiachwa utumbo unaweza kutoboka. Watu wanakufa kwa ugonjwa huu, Levina. Hali kama hiyo huja kwa mtu aliyemeza antibayotiki mfululizo. Nani anampa Mzee hivyo vidonge?

Anatakiwa aje hospitali ya hapa mjini haraka. Nimempigia Emilian, ameshtuka sana, anakuja Kigwa kumleta.

Yule mama jirani yako naye aache vidonge leo, asimalize dozi, na aende hospitali. Dalili zake sizipendi.

Mektilda

*

Kigwa, 3 Mei 2023

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenifikia. Nimeisoma nimekaa, kwa sababu siku hizi kusimama kunanichosha, ni joto.

Emilian alikuja mbio, akamkuta baba yake juu ya paa anapigilia bati. Akamsihi ashuke waende Tabora. Mzee akasema haumwi. Emilian akalia, Mzee akamwambia arudi kwenye tumbaku yake kabla mvuke haujaiozesha. Amerudi Usoke. Kwa hiyo Mzee hataki hospitali, na mimi siwezi kumsukuma mkwe.

Naomba basi unitumie dawa yake kwenye deli, nitamtilia kwenye chai. Ili usikosee nakuandikia hali yake. Anakwenda choo akitoka anageuka tena. Damu ni kidogo asubuhi, jioni inazidi. Tumbo linakata chini upande wa kushoto, linaachia, linakata. Chakula kikiingia mdomoni kinanuka. Amekonda, nguo zinamvuka. Kinachomsumbua zaidi si maumivu, ni harufu. Anajinusa kila mahali. Anaona hata akinyamaza kimya watu wanamsikia. Anafua, anaanika ndani ili zisionekane kwenye kamba, hazikauki, anazivaa hivyo hivyo mbichi. Anajichukia, Dada. Anaona ameoza angali hai.

Vidonge ameacha. Lakini hali haibadiliki.

Yule mama jirani amepona, usiwe na wasiwasi naye.

Levina

*

Tabora, 10 Mei 2023

Levina,

Nina hasira nawe.

Dar wamenipigia. Kikopo chako na kikopo cha Imakulata ni tumbo moja. Si kwamba yanafanana kama ya mama na mtoto, hapana, ni tumbo lile lile, la mtoto. Ulichota choo cha mtoto ukakigawa kwenye vikopo viwili ukaandika jina lako. Mimi nilikupendekeza mbele ya wakubwa zangu. Nikawaambia mdogo wangu ni mtu wa kinyaa lakini ni mkweli. Leo wanataka kuifuta Kigwa yote, na Shamila ananiangalia kwa huruma.

Kinyaa gani hicho? Ukaona chako ni kichafu mno kuguswa na kijiko, lakini cha wenzako umekusanya? Najua unavyoona kinyaa na mavi. Mimi leo naona kinyaa na uongo.

Na habari za Mzee, umeniandikia mambo ambayo mkamwana hawezi kuyajua kwa baba mkwe. Unachungulia chooni? Au nayo umetunga? Dawa siwezi kutuma kwa mgonjwa ambaye hajaonwa na daktari, ukimpa isiyo sawa utammaliza. Kama Mzee anaumwa kweli, mlete. Kama ni hadithi, niambie, niache kukosa usingizi.

Mektilda

*

Kigwa, 14 Mei 2023

Binti yangu Mektilda,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ni mimi Revocatus, baba wa Emilian. Deli lilikuja Ijumaa. Majidi hakulifikisha mlangoni. Lilivuja njiani kwenye suruali yake siku ile ya Machi, na tangu amejua alichokuwa akikibeba analishusha stesheni anaondoka kwa hasira. Mama Imakulata alikwenda kulichukua, akakaa chini katikati ya njia. Watoto walilizunguka wakaona ni lambalamba. Nikalichukua mimi.

Nimelifungua. Nilifunga pua kwa leso, nikafumba macho, nikapapasa, nikapata barua yako. Kusoma barua ya mtu ni dhambi na nitaiungama. Miaka yote nimekuwa katekista na sijapata kufanya hivyo. Lakini Emilian alikuja hapa akiniangalia kama maiti, akaniambia kikopo changu kina damu. Nikajiuliza, kikopo gani? Mimi sijapewa kikopo. Sijajaza kikopo. Tumbo langu, samahani kwa kulitaja mbele yako, ni zima.

Sasa nimesoma, nimeelewa: kile kikopo chenye jina langu kilikuwa cha Mama Imakulata. Hajatunga kitu. Nyumba yetu ina choo kimoja, na mzee halali sana. Nimesikia niliyoyasikia. Nimeona kanga zinakaushwa ndani. Nimeona chakula kinarudi jikoni. Nikajiambia labda ni mambo ya kike, hayanihusu, nikageuza uso. Tumegeuza uso mno katika nyumba hii.

Siwezi kumwambia. Hilo naomba ulielewe. Nikimwambia Mama Imakulata najua unatoka damu, hatakaa tena chini ya paa langu, atakwenda kwao Sikonge kwa miguu na hatafika. Kwa hiyo nimekubali kuumwa. Leo asubuhi nimelalamika tumbo kwa sauti, majirani wamesikia. Nimesema nitakwenda Tabora kwa sharti moja, aje yeye wa kunihudumia, kwa sababu Emilian yuko mbali. Amefurahi maskini, anadhani kule ataniibia dawa. Tutapanda treni Jumatano. Wewe utukute stesheni, na kitanda kiwe tayari, na daktari awe mwanamke.

Mtoto tunamwacha kwa mke wa Damas. Barua hii nimempa abiria wa treni ya leo itangulie, deli ninakuja nalo mwenyewe. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, na hadithi zake zote zilikuwa za mzigo unavyonuka jua likiwaka. Nilikuwa nikimcheka.

Humo ndani nimeweka na cha kwangu, kwenye kikopo kitupu nilichokikuta. Nimeandika jina. Nimekifunga kwa kamba ya katani. Nilipomaliza nilitapika, lakini kimejaa vizuri.

Usimgombeze tena.

Revocatus

*

Tabora, 1 Juni 2023

Baba,

Shikamoo.

Sijawahi kukuandikia, na uso kwa uso nisingeweza, kwa hiyo barua hii ukiisoma tafadhali usinijie nayo. Iko kwenye deli kwa sababu Dada anasema hapo ndipo salama.

Nimetoka wodini juzi, nipo kwa Dada Mektilda. Damu imekatika. Daktari alinipa dawa ya yule mmoja mbaya, akaniwekea maji kwa dripu, akanikataza kabisa kumeza kitu chochote kutoka dukani. Anasema walinzi wa tumbo watarudi polepole, kwa maharage na mtama na mtindi, na kwamba mmoja mmoja huwa wamejificha humo humo wakisubiri. Zamani ningetapika kusikia hivyo. Sasa nakula nikiwafikiria, nawaambia kuleni basi, rudini. Dada alilia. Anasema kosa ni lake, alianza kwa kunitisha ili acheke na faida akaiweka kiporo. Nikamwambia kama ile asali. Akalia zaidi. Alininunulia kichupa cha asali ya Sikonge, nikaonja. Nyuki watapike tu.

Baba, kwenye treni ulilalamika kwa sauti mpaka watu wakakupisha ukalala, na mimi nikakaa miguuni pako nikimwomba Mungu tufike kabla sijachafuka. Sikufika. Nilijua na wewe ulijua, maana ulisimama ukafungua dirisha ukasema mgonjwa ninataka hewa. Pale mapokezi nesi alipouliza mgonjwa nani, ukanyooka wima ukanionyesha kwa kidole ukasema, "Huyu." Nilitaka ardhi ipasuke. Nilikuchukia, Baba. Naomba unisamehe hilo.

Lakini si hilo ninaloandikia. Usiku ule na kesho yake sikuwa na fahamu nzuri. Dada alikuwa akihangaikia damu ya kuniongezea. Nilipozinduka nilijikuta msafi, na kanga zangu zote, zile za treni na za kitandani, zimeanikwa kwenye kamba ile ya nyuma ya wodi, nje, juani, watu wote wanaziona. Nikadhani ni manesi. Tanzila, aliyelala kitanda cha pili, akaniambia manesi hawafui nguo za mtu. Akasema aliyefua ni mzee mrefu mwenye rozari shingoni. Alikunja suruali, akachuchumaa bombani katikati ya wanawake, akafua. Wanawake walimwambia, Mzee, hiyo si kazi yako, kwani huyo ni nani wako? Wewe ukawajibu, "Ni mwanangu," ukaendelea kusugua.

Mimi nilijua nimeoza. Nilijua mtu yeyote akiona alichokitoa mwili wangu hatanitazama tena. Wewe ambaye sijawahi hata kuruka kandambili zako, uliona vyote, ukavishika kwa mikono.

Sijui neno la kukuambia. Asante ni ndogo.

Humu kwenye deli kuna kikopo kimoja ninachokirudisha Kigwa kitupu, ni kwa ajili ya Mzee Damas, Dar wanataka kingine. Cha kwangu nimempa Dada mkononi. Ni cha kwangu, jina ni langu.

Mwanao,
Mama Imakulata

*

Kigwa, 8 Juni 2023

Mama Imakulata,

Marahaba. Tumepokea deli. Mtoto hajambo, anakula, anakuuliza. Emilian amemaliza tumbaku, anakuja kukuchukua Jumapili. Bati nimemaliza kupigilia. Damas amejaza kikopo chake siku ile ile, safari hii amekifunga kwenye kitambaa cheupe.

Hizo habari za kanga sizijui. Huyo Tanzila alikuwa mgonjwa, na mgonjwa huona mengi. Wazee warefu wenye rozari Tabora ni wengi. Mimi siku hiyo nilikuwa nimekaa kivulini nikipumzisha tumbo langu, kama unavyojua nilikuwa naumwa.

Rudi ukiwa na nguvu. Maji yako ya kuoga yatawekwa nyuma ya nyumba. Nitakohoa.

Ila mwambie Mektilda awaambie wale wa hospitali, sabuni inayouzwa pale nje ya geti ni mbovu. Haitoi povu kabisa, mtu anasugua mpaka vidole vinachubuka.

Revocatus